Mbiu ya Mechi: Mwongozo Kamili wa Kutunga Muziki wa Kufungulia Matangazo ya Michezo kwenye Televisheni

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pembe ile haikupigwa kwa ajili ya waliokwisha kaa barazani. Ilipigwa kwa aliye shambani, aliye kisimani, aliye ndani anasuka ukili. Muziki unaofungulia matangazo ya mechi una kazi hiyohiyo. Aliyekaa mbele ya televisheni hahitaji kuitwa. Anayeitwa yuko jikoni anageuza chapati, yuko uani anafua, yuko nje ya kibanda umiza anabishana kuhusu kikosi. Mwito ukimfikia, anaacha alichoshika na kuuliza neno moja: "Imeanza?"

Mwongozo wote huu umejengwa juu ya swali hilo. Nawaandikia prodyuza na watunzi wenzangu wenye studio ndogo, kwa sababu kazi ipo. Ligi zetu zinarushwa moja kwa moja kila wiki. CHAN ya Agosti 2025 ilichezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na AFCON ya 2027 imepangwa kwenye nchi hizohizo tatu. Vituo, vipindi vya uchambuzi na chaneli za mtandaoni zote zinahitaji sauti yao. Wengi huishia kuokota biti ya bure mtandaoni, ambayo kesho utaisikia kwenye tangazo la sabuni, na mtazamaji hawezi kuitwa kwa pembe inayolia kila mahali.

Vifaa havitakushinda: kompyuta yenye programu ya kurekodia, kinanda, maikrofoni moja nzuri, simu ya mkononi, na televisheni ya kawaida kabisa, ile ya sebuleni. Hiyo ya mwisho usiisahau. Utaona kwa nini.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kugusa kinanda

Kaa na dairekta wa matangazo, siyo na mtu wa masoko peke yake. Muulize utangulizi una sekunde ngapi. Mara nyingi ni 30, lakini wapo wanaotaka 20 au 45. Muulize nembo ya kipindi inatokea sekunde ya ngapi, kwa sababu hapo ndipo pigo lako kubwa litakapoangukia. Muulize televisheni yao inarusha picha ngapi kwa sekunde. Huku kwetu kawaida ni 25, na namba hiyo tutaihitaji baadaye. Muulize vipande vidogo anavyovitaka: wa kwenda kwenye matangazo ya biashara, wa kurudi, wa kuonyesha marudio ya goli, wa kukaa chini ya sauti ya mtangazaji anaposoma vikosi.

Halafu uliza muziki utakuwa wa mchezo mmoja au wa kituo kizima. Fox ya Marekani ilipoanza kurusha ligi ya NFL mwaka 1994, Scott Schreer aliwatungia muziki wa mpira wa Kimarekani. Mwaka 2010 kituo kikaamua muziki huohuo utumike kwenye michezo yake yote, besiboli ikiwemo. Kwa kituo, hiyo ni faida, kwani sauti moja inakitambulisha kila siku. Kwangu mimi ni hasara. Mwenye ngumi na mwenye soka hawaitwi kwa pembe moja, na mtu wa jikoni anastahili kujua ni mchezo gani kabla hajaona picha. Ukiweza kumshawishi mteja wako, mshawishi.

Hatua ya 2: Wasikilize waliofaulu, kalamu mkononi

Usisikilize kwa kufurahia tu. Kwa kila muziki andika mambo matatu: nini kinasikika kwanza, mwito una noti ngapi, na ala gani inaubeba. Hii hapa orodha yangu, na sababu zake.

Anza na Kanada. Mwaka 1968 Dolores Claman, mtunzi wa muziki wa matangazo ya biashara, alipewa kazi ya kutunga muziki wa kipindi cha magongo ya barafuni cha CBC, televisheni ya taifa ya Kanada. Alikuwa hajawahi kwenda kutazama mechi ya mchezo huo. Alijipigia picha kichwani ya wapiganaji wa Roma ya kale waliovaa viatu vya kuteleza kwenye barafu, akaandika alichokiona. Wakanada wakaja kuuita wimbo wao wa pili wa taifa. Utakachojifunza kwake ni kwamba picha hutangulia noti. Kabla ya kutunga, jiulize unamwona nani akiingia uwanjani.

Nenda kwa Johnny Pearson, Mwingereza, ambaye muziki wake wa miaka ya 1970 uliwekwa kwenye maktaba ya KPM ya London, yaani muziki uliotungwa ukangoja wa kuukodi. BBC ikautumia kwenye kipindi cha mashindano ya wanamichezo, na ABC ya Marekani ikauchukua kwa mechi za Jumatatu usiku za mpira wa Kimarekani. Mamilioni ya Wamarekani wanaamini ulizaliwa kwao. Sikiliza mwanzo wake: noti nne nzito za shaba, kimya kidogo, halafu jibu. Noti nne tu, na mtu aliyeko chumba cha pili anajua ni Jumatatu.

Barry Stoller aliitungia BBC muziki wa kipindi cha soka cha Jumamosi mwaka 1970, na hadi leo unatumika. Huu ni mwepesi, una furaha ya watu wanaoshuka kwenye basi kuelekea uwanjani. Nauweka hapa ili usije ukadhani muziki wa michezo lazima uwe wa vita. Kwa mechi za Jumapili mchana, wepesi wa namna hii unafaa kuliko radi.

Tony Britten, mwaka 1992, aliombwa na UEFA atunge wimbo wa Ligi ya Mabingwa. Alikwenda kwa Handel, kwenye wimbo wa kanisani ulioandikwa mwaka 1727 kwa kutawazwa Mfalme George wa Pili wa Uingereza, akachukua ule mpando wa nyuzi unaojikusanya taratibu hadi kwaya inapolipuka. Maneno ni ya Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, lugha rasmi tatu za UEFA. Wapenzi wa soka wa Kariakoo na Kisumu wasiojua neno hata moja la Kijerumani wanauimba. Wanachokishika ni lile neno la mwisho na mpando unaolifikia. Kama utatumia kwaya, neno moja linatosha.

Kisha sikiliza magari. Mwaka 1978 BBC ilichukua kipande cha wimbo wa Fleetwood Mac kwa ajili ya Formula 1. Hawakuchukua mashairi wala kiitikio. Walichukua pale wimbo unaponyamaza na gitaa la besi la John McVie kuanza kutembea peke yake. Kimya kinachokuja kabla ya besi ndicho kinachokufanya ushikilie kiti.

Mwisho, Leo Arnaud, aliyetunga mwaka 1958 muziki ambao ABC ilianza kuutumia kwa Olimpiki miaka ya 1960. Ngoma kubwa zinatangulia peke yake, halafu ndipo tarumbeta. Mpangilio huu wa ngoma kwanza na pembe baadaye ndio nitakaokupendekezea hapa chini, na hauna ugeni wowote kwa mtu wa pwani au wa bara.

Hatua ya 3: Tunga mwito kwa mdomo

Hapa ndipo kazi ilipo. Mengine yote ni mavazi.

John Tesh alikuwa Ufaransa kwenye mashindano ya baiskeli ya Tour de France wakati wazo la muziki wa mpira wa kikapu wa NBC (televisheni ya Marekani, usiichanganye na benki inayodhamini Ligi Kuu ya Tanzania Bara) lilipomjia usiku hotelini. Hakuwa na kinanda wala kinasa sauti. Akapiga simu nyumbani kwake, mashine ya kupokea ujumbe ikaitika, naye akaiimbia kwa mdomo: ngoma, mwito, yote. Muziki huo ulifungua matangazo ya NBA kuanzia 1990 hadi 2002, na NBC ilipoirudisha NBA hewani Oktoba 2025, iliurudisha nao.

Kwa hiyo ondoka kwenye kompyuta. Tembea, imba, rekodi kwa simu. Ukianza na kompyuta utatengeneza sauti nzuri. Ukianza na mdomo utatengeneza kitu kinachoimbika, na kisichoimbika hakikumbukwi.

Njia ninayoitumia mimi ni hii. Nachukua sentensi ya Kiswahili ambayo mtu angeipaza akiwa mlangoni, naitungia noti kwa kufuata mkazo wake, halafu nayatupa maneno. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio la msikilizaji wetu limelelewa hivyo tangu utotoni. Chukua "Mechi imeanza!" Ina silabi sita: me-chi-i-me-a-nza. Mkazo uko kwenye "me" ya kwanza na kwenye "a". Iweke kwenye hesabu ya nne: "mechi" pigo la kwanza, "ime" pigo la pili, "aaa" pigo zima la tatu, "nza" pigo la nne. Sasa iimbe kwa solfa, kama ulivyofundishwa kwenye kwaya:

so so – do re – mii – do

"Do" hapa ni ya juu ya "so". Ule mruko wa kutoka "so" kwenda "do" ndio mruko wa pembe. Bugle ya jeshi haina vifungo na inatoa noti chache tu, "so", "do" na "mi" zikiwa za mbele, na ndiyo maana miito mingi ya dunia imejengwa juu ya noti hizo. "Re" nimeitia kama ngazi ya kupandia kwenda kwenye "mi", ambako ndiko mkazo wa neno uliko. Noti sita, mstari mmoja, na hata ukiyaondoa maneno, mdundo unabaki wa Kiswahili.

Usiuchukue mwito wangu, ni mfano. Tafuta sentensi yako. "Njooni nyote" itakupa mdundo mwingine, "Leo ni leo" mwingine kabisa, mfupi na mkali, unaofaa ngumi.

Tunga miito kumi. Lala. Asubuhi, kabla hujasikiliza rekodi, jaribu kuiimba. Ile inayokuja yenyewe ndiyo iliyobaki. Kisha mwimbie mtoto wa miaka sita au saba mara mbili, mwache acheze, na baada ya saa moja mwombe akuimbie. Akikosea noti moja mahali palepale kila anaporudia, mfuate yeye. Sikio lake limerekebisha ulichokikosea.

Hatua ya 4: Chagua mwendo unaokubaliana na picha

Watunzi wengi huchagua mapigo 120 kwa dakika kwa mazoea. Kwa televisheni ya picha 25 kwa sekunde hiyo ni taabu: kila pigo linachukua nusu sekunde, yaani picha 12 na nusu, na mhariri hawezi kukata nusu ya picha. Kila baada ya pigo moja, mkato wake unachelewa au unawahi. Macho hayasemi ni nini, ila yanahisi ulegevu.

Tumia namba zinazogawanyika. Mapigo 100 kwa dakika yanatoa picha 15 kamili kwa pigo. Mapigo 125 yanatoa picha 12. Mapigo 150 yanatoa 10. Mimi huanzia 100, na hesabu yake ni tamu: mstari mmoja wa mapigo manne ni sekunde 2.4, sawa na picha 60. Mistari 12 ni sekunde 28.8, kwa hiyo kwenye sekunde 30 unabaki na sekunde 1.2 za mlio wa mwisho kufifia. Mistari minne ni sekunde 9.6, inakaa kwenye kipande cha sekunde 10. Mistari miwili ni 4.8, inakaa kwenye sekunde 5. Vipande vyote vinatoka kwenye kitambaa kimoja bila kunyofoa wala kuvuta.

Na usiogope kwamba 100 ni pole. Singeli huenda mapigo 200 na zaidi, na 200 ni 100 mara mbili: weka kinanda na vyuma vya singeli juu ya mwito unaotembea kwa 100, utapata kasi na ukubwa kwa pamoja. Ukigawa kila pigo mara tatu unaingia kwenye mwendo wa chakacha.

Hatua ya 5: Jenga sekunde 30

Mstari wa kwanza ni wa ngoma peke yake. Usiweke kitu kingine. Sikio linahitaji muda mfupi kuacha lilichokuwa likisikiliza, na ngoma ndiyo inayolitoa huko.

Mstari wa pili na wa tatu, mwito. Tarumbeta zote zipige noti zilezile kwa pamoja, bila mapambo. Wa nne na wa tano, jibu: mwito uleule unaoshuka pale ulipopanda, ukichukuliwa na ala nyingine, gitaa au sauti za watu. Kuitika ni desturi yetu tangu kwenye hadithi. Mtu akisikia mwito bila jibu anabaki ananing'inia.

Wa sita hadi wa nane, shusha. Hapa picha huonyesha nyuso, mashabiki, uwanja kutoka juu. Acha ngoma moja na mlio mrefu chini. Watunzi wachanga hulikimbia eneo hili, wanajaza kila sekunde, na matokeo yake mwito unaporudi hauna pa kutokea.

Wa tisa na wa kumi, mwito unarudi na sauti tatu, besi nzima, ngoma zote. Wa kumi na moja unapanda. Na mwanzoni mwa mstari wa kumi na mbili, sekunde ya 26.4, picha ya 660 kamili, ndipo nembo inapotua na pigo lako kubwa. Mwandikie mhariri namba hiyo. Atakushukuru.

Hatua ya 6: Ala

Watu huniuliza kama tarumbeta si ala ya wageni. Jibu langu ni refu kidogo, nivumilie.

Lamu walikuwa na siwa ya shaba na Pate ya pembe za ndovu. Zilipopulizwa, mji ulijua kuna jambo la kiungwana. Mwishoni mwa karne ya 19 pwani ya Kenya ilizaa beni, ngoma iliyochukua ala na magwaride ya bendi za kijeshi na kuyafanya ya mtaani. Mombasa ikagawanyika Kingi na Scotchi, na beni iliposhuka Tanganyika wakatokea Marini na Arinoti. Walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo, kwa kejeli, kwa ukubwa wa karamu. Ukiangalia watani wa jadi wanavyogawana jiji siku ya mechi, unaona mwendo uleule wa beni. Na leo hii matarumbeta ya harusi yakipita mtaani, nani hatoki nje? Shaba ni yetu. Itumie bila kuomba radhi.

Mtafute mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi au ya kanisa. Huyu amezoea kupuliza mtaani, kwenye kelele za pikipiki, na sauti yake ina ile kingo ambayo sampuli za kompyuta hazina. Mwache achague ufunguo unaomkaa mdomoni. Mrekodi mwito wa juu kabisa kwanza, midomo ikiwa bado mibichi. Vya chini vifuate. Kama ni mmoja tu, mrekodi mara tatu, kila mara asogee hatua mbili kutoka maikrofoni na abadilishe upande. Ukizipanga kushoto, katikati na kulia utapata kikosi.

Kwa ngoma nina ombi moja: chagua ya mahali, usikusanye makumbusho. Nimesikia kazi nyingi zinazochanganya marimba, zeze, kayamba, ngoma za pembe nne za nchi na filimbi juu, zote kwa sekunde 30, na hakuna hata moja inayosikika. Kama kipindi ni cha ligi ya Kenya, isukuti ya Waluhya ina sababu ya kuwemo, kwa kuwa imekuwa ikipigwa jukwaani na mashabiki wa AFC Leopards miaka nenda rudi. UNESCO iliiandika mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa hiyo watafute wapigaji wenyewe na uwalipe, usichukue kipande cha mtu mtandaoni. Ngoma moja yenye mahali pake inamwambia mtazamaji mechi inachezwa wapi.

Hatua ya 7: Vipande vidogo

Kipande cha sekunde 5 ni mwito na pigo la mwisho. Cha sekunde 10 ni ngoma, mwito, jibu nusu, pigo. Cha marudio ya goli ni mstari mmoja, picha 60: ngoma inayojikusanya na mlio unaokatika ghafla. Vyote viwe kwenye ufunguo mmoja, ili dairekta akiruka kutoka kimoja kwenda kingine sikio lisijikwae.

Kigumu ni muziki wa chini ya maneno, ule unaopita mtangazaji anaposoma vikosi. Hapa toa mwito kabisa. Toa tarumbeta. Acha ngoma laini, besi na mlio mrefu. Sauti ya mtu inaeleweka zaidi kati ya herzi 1,000 na 4,000, basi punguza ala zako eneo hilo, umwachie nafasi. Tengeneza mistari 24, sekunde 57.6, inayojirudia bila mshono. Mbinu ya kuondoa mshono: pandisha mistari hiyo mara mbili mfululizo kwenye programu, kisha kata na utoe mzunguko wa pili tu. Mwangwi wa mwisho wa mzunguko wa kwanza utakuwa umeingia mwanzoni mwa wa pili, na hakuna atakayesikia unapoanzia.

Hatua ya 8: Changanya kwa ajili ya kibanda

Kazi yangu ya kwanza ya namna hii niliichanganya kwenye spika kubwa za studio. Besi ilitikisa madirisha. Jumamosi nikaenda kuisikiliza kwenye kibanda umiza karibu na nyumbani, televisheni imewekwa juu ya kabati, feni inazunguka, watu themanini wanaongea. Besi haikuwepo. Ngoma zilisikika kama mtu anagonga kopo. Nje palikuwa na mama anakaanga mihogo, mgongo ameupa mlango, na muziki ulipita wote hakugeuka. Niliumia, na nilielewa.

Spika za televisheni hazitoi kitu cha maana chini ya herzi 100 hivi. Besi yako lazima iwe na sauti ya juu inayoiwakilisha: ongeza ukwaruzo kidogo, au ipige pamoja na gitaa oktavo moja juu. Ngoma kubwa ipewe mlio wa kijiti pamoja na mlio wa tumbo. Bonyeza kitufe cha mono, kinachounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja, usikilize. Kama tarumbeta zinapotea, umezitanua mno.

Halafu fanya jaribio la ukuta. Cheza muziki kwenye televisheni ya sebuleni kwa sauti ya kawaida, nenda jikoni, fungua bomba, weka sufuria. Mwito unasikika? Kama unasikia "tsi tsi tsi" tu, rudi studio.

Vipimo vya kukabidhi: faili la WAV, herzi 48,000, biti 24. Vituo vingi vinavyofuata kanuni za Ulaya vinataka wastani wa ukubwa wa sauti LUFS 23 chini ya sifuri, na kilele kisichozidi desibeli 1 chini ya sifuri; Marekani wastani wao ni 24 chini ya sifuri. Muulize fundi sauti wa kituo anachotumia yeye. Kuubana muziki mpaka upige kelele hakusaidii, kwa sababu mashine yao itaushusha, na utabaki umebanwa na mdogo.

Hatua ya 9: Andikianeni

Turudi kwa Dolores Claman. Muziki wake ulikaa CBC miaka 40. Mwaka 2008 mazungumzo ya kurefusha haki yakavunjika, na kituo pinzani, CTV, kikanunua. CBC ikabaki na kipindi bila sauti yake, ikatangaza shindano la taifa zima. Mwalimu Colin Oberst akashinda kwa muziki mpya na zawadi ya dola 100,000. Lakini ule wa zamani uliendelea kulia kwa jirani. Claman alifariki mwaka 2021 na jina lake liko juu ya muziki wake kwa sababu haki zilikuwa na karatasi.

Na wewe uwe na karatasi. Isemeke wazi: unakodisha au unauza moja kwa moja, kwa miaka mingapi, kwa televisheni tu au na mtandaoni, nani anaruhusiwa kuubadilisha, jina lako litatajwa wapi. Mimi nashauri kukodisha kwa miaka mitatu na kubaki na umiliki. Ukilazimika kuuza, bei iwe ya kuuza. Wapigaji wako nao wasaini, hata mpiga kayamba wa dakika tano.

Sajili kazi COSOTA kama uko Tanzania, au KECOBO kama uko Kenya, na ujiunge na chama kinachokusanya mirabaha. Kila unaporushwa, muziki huo unapaswa kukuingizia kitu, hata kama kidogo. Kiombe kituo kiandike kwenye orodha yao ya muziki jina la kazi, jina lako na sekunde zilizotumika. Usipofuatilia hawataandika.

Kama umetumia mwito wa wimbo wa zamani, omba ruhusa kabla. Wimbo rasmi wa Kombe la Dunia la 2010 ulijengwa juu ya kiitikio cha Golden Sounds wa Kamerun cha miaka ya 1980, na wenyewe ilibidi wajitokeze kudai chao. Sisi tunajua uchungu huo. Tusiutie kwa wazee wetu wa dansi na taarab.

Hatua ya 10: Kabidhi, kisha nenda kasikilize

Kabidhi folda moja. Ndani yake: utangulizi mzima, vipande vyote, na mafungu ya ala peke yake, yaani ngoma, shaba, besi, nyuzi na sauti, kila moja faili lake, zote zikianza sekunde sifuri. Dairekta akitaka siku ya fainali ngoma tu, atakuwa nazo. Majina ya faili yawe na sekunde: "utangulizi_30", "kurudi_05", "marudio_01mstari".

Msihi mteja asiubadilishe msimu ujao. Stoller amedumu zaidi ya nusu karne kwa sababu waliomfuata BBC waliuacha muziki wake ufanye kazi. Msimu wa kwanza watu huzoea. Wa pili huanza kuuimba. Wa tatu ndipo unakuwa mbiu.

Siku ya kwanza hewani usiutazame nyumbani. Mimi baada ya kurekebisha ile kazi yangu nilirudi kwenye kibanda kilekile wiki ya pili, nikakaa nje kwenye benchi, televisheni nikaipa mgongo. Mama wa mihogo alikuwa anageuza karai. Ngoma zikapiga mstari mmoja, tarumbeta zikaingia. Akainua kichwa, akanitazama mimi niliyekuwa karibu, akauliza, "Mwanangu, imeanza?"